Mlango wa Waliopona

Kwenye karakana ile ya useremala kulikuwa na mlango usiofunguka wala kufungwa, kwa sababu haukuwahi kupata pa kufungwa. Uliegemea ukutani kati ya sinki na kabati la misumari, mrefu kupita kiasi, umepakwa rangi nyeusi na kujaa maandishi meupe kuanzia juu mpaka usawa wa magoti. Aliyeutengeneza ni mwenye karakana mwenyewe, ambaye kila mtu alimwita Mzee, enzi hizo akiwa bado na nywele za kuchana. Alikwenda kwa mteja kupima kwa futi iliyokatika inchi nne za mwanzo, akarudi karakana akakata mbao kwa futi nzima, kisha akawabebesha wanaume wanne lile limlango mpaka kwa mteja. Lilipokataa kuingia, Mzee alidhani linataka kusukumwa kidogo tu. Likamrudia, likaondoka na kucha mbili za mguu wake wa kulia.

Mtu mwingine angelipasua kuni. Mzee alirudi nalo akichechemea, akalipaka rangi nyeusi, akachovya brashi ndogo kwenye rangi nyeupe na kuandika juu kabisa: "Futi iliyokatika haikwambii. Iangalie." Basi ikawa sheria ya karakana. Fundi yeyote aliyefanya ujinga wa kuweza kumtoa mtu damu, damu iwe imetoka au mtu ameponea chupuchupu, alitakiwa kusimama mbele ya mlango saa nne asubuhi, wakati wa chai, na kuueleza ujinga wake bila kuutia sukari. Wenzake walikuwa na haki ya kucheka mpaka wachoke. Baada ya hapo aliandika mstari mmoja wa busara, wa kichwani mwake mwenyewe. Methali hazikuruhusiwa.

"Ya wahenga tuwaachie wahenga," Mzee alikuwa akisema. "Wao hawakuwa na umeme wa fezi tatu."

Miaka ilivyokwenda, mistari ikafika arobaini na mmoja, na wateja wakawa wanakuja kuulizia kitanda wanajikuta wamesimama pale nusu saa wanasoma. Dereva wa pikapu aliandika wake baada ya kuachiwa ncha ya kabati mabegani huku mwenzake akipokea simu: "Mtu akikwambia hebu shika hapa kidogo, muulize kwanza hicho kidogo ni dakika ngapi." Babu Viti, fundi wa viti aliyekuwa na umri wa kutosha kujua, aliandika: "Aliyesema umeme umezimwa, huyo ndiye aushike waya." Mpiga vanishi, mama wa makamo ambaye jina la kazi lilikuwa limemeza jina alilopewa na wazazi, aliandika: "Stuli juu ya meza si ngazi. Ni stuli juu ya meza." Chini yake, kwa mwandishi yuleyule ila kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa kwenye bandeji, ilifuata miezi mitatu baadaye: "Nilisema." Ni huyo huyo Vanishi aliyeupa mlango jina, akauita Mlango wa Waliopona, kwa hoja kwamba ambaye hakupona hawezi kushika brashi.

Mtu mmoja tu hakuwa na mstari. Huyo alikuwa Mkaguzi.

Mkaguzi alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni na ovaroli yenye mifuko saba, na kila mfuko una kitu chake. Kazi yake ilikuwa kunoa na kutunza mashine. Jioni, wengine wakinawa mikono waende makwao, yeye ndiyo kwanza anafungua misumeno, anainoa, anaifuta, anakaza kila bolti na kuigusa mara ya pili kwa kidole. Miaka kumi na moja hajakwaruzwa wala hajamkwaruza mtu. Alijua mistari yote ya mlango kwa moyo na alicheka kuliko wote saa nne ikifika na kuna mtuhumiwa. Ukweli ni kwamba hata yeye alikuwa na mistari yake, mizuri tu, ameitunga akiwa ananoa na kuihifadhi kichwani kama mtu anayeficha nguo ya sikukuu. Ila hakuwa na kosa la kuandikia. Hilo lilimsikitisha kidogo na kumfurahisha sana.

Alikuwa na kasoro moja, kama ni kasoro. Ukimuuliza, "Mkaguzi, huu msumeno umekazwa?" hakukujibu ndiyo wala hapana. Alivua miwani, akaifuta, akakuwekea kikao. Angekueleza bolti ni nini, nani alimfundisha kukaza bolti, wewe ulikuwa darasa la ngapi wakati huo, na kama kuna siku hata moja katika miaka kumi na moja umemwona akiacha kitu kimelegea. Ukitoka hapo umejua mengi, na zamu yako ya chai imepita. Watu wakajifunza kutouliza. Yeye aliihesabu kuwa ni heshima.

Msumeno mkubwa wa meza uliendeshwa na mdogo wake, kijana wa miaka ishirini na tisa aliyeitwa Umeme kwa jinsi alivyokuwa na kasi. Mkaguzi ndiye aliyemlea baada ya wazazi wao kufariki, ndiye aliyemsomesha, na ndiye aliyemleta karakana akamshika mkono siku ya kwanza mbele ya ile mashine. Kwenye mlango Umeme peke yake alikuwa na mistari minne, na wa nne ndio wateja walioupenda zaidi: "Ukishasema hakuna shida mara ya pili, shida imeshaingia na imevuta kiti." Sasa alikuwa na mke na mtoto wa miezi minne. Kila jioni akitoka alimnyanyulia dada yake mikono miwili juu, vidole vimetanuka, na kusema, "Kumi, dada!" Naye hujibu, "Peleka nyumbani vyote." Ulikuwa utani wao.

Sasa sikia mambo ya Jumatatu.

Karakana ilikuwa imepata kazi ya madawati mia moja na ishirini ya shule, yote yakitakiwa Ijumaa. Mashine ilikuwa hailali. Jioni ile Mkaguzi aliondoa kofia ya msumeno wa meza ili aitoe vumbi. Kofia walikuwa wakiiita ile kinga ya chuma inayofunika meno ya msumeno yasimfikie mtu, wala ubao usimrukie. Ilishikiliwa na bolti moja ndefu na nati moja nene, na mashine yenyewe ilikuwa kongwe kiasi kwamba kiwanda kilichoizaa kilishafungwa. Mkaguzi aliweka nati ukingoni mwa meza. Siku nyingine zote aliiweka kwenye mfuko wa tatu. Kwa nini siku hiyo aliiweka ukingoni hata yeye hakupata kujua. Labda alikuwa anatunga mstari. Akaipiga kwa kiwiko, ikadondoka kwenye lundo la vumbi la mbao, na kabla hajainama wale wafuga kuku wanaochukua vumbi la karakana walikuwa wameshajaza magunia, wamepakia na kuondoka.

Aliwakimbilia mpaka barabarani. Wakaongeza mwendo, wakidhani anataka kuwaongezea bei.

Alirudi, akachakura sakafuni mpaka magoti yakawa ya njano. Hakuna kitu. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia. Karakana ilikuwa tupu. Hapo mtu mwenye akili zake angeandika karatasi, "Mashine hii isiwashwe," akaibandika, akaenda zake kulala. Mkaguzi alikuwa na akili zake zote, lakini pia alikuwa na miaka kumi na moja mgongoni, na ilikuwa mizito. Karatasi ile ingesomwa na watu wote. Akaitia kofia kwenye kabati lake, akafunga kwa kufuli, akajiambia kwamba kesho alfajiri maduka ya vyuma yakifunguliwa atapata nati nyingine, atafika wa kwanza, ataifunga, na hakuna kiumbe atakayejua.

Jumanne alizunguka maduka matano. Wauza vyuma waliichukua bolti yake, wakaigeuza, wakaijaribisha na kila nati waliyokuwa nayo, wakatikisa vichwa. Mmoja alimuuliza kama ameitoa kwenye meli. Alipofika karakana saa tatu imeshapita, akasikia msumeno unaimba kabla hajafika getini. Umeme alikuwa amewahi kwa ajili ya yale madawati. Meno ya chuma yalikuwa wazi yanazunguka, mbao zinapita, na vidole vya mdogo wake vinapita kando ya meno yale kwa kasi yake ileile.

Aliingia mbio. Alisogea mpaka karibu, akafungua mdomo.

"Umeme!"

Umeme alizima. "Naam, dada."

Babu Viti alikuwa ameinua kichwa. Vanishi naye alikuwa ameacha brashi hewani. Watu wote wawili wanatazama.

"Punguza mwendo leo," Mkaguzi alisema.

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Wewe punguza tu."

Umeme alimtazama kidogo kama anayesubiri jambo lingine, kisha akasema sawa, akawasha. Mkaguzi aliondoka pale. Alijikasirikia, halafu akamkasirikia Umeme: ina maana hajaona? Mtu unakaa na mashine siku nzima uso kwa uso, usione kwamba haina kofia? Akaamua atasema saa nne, wakati wa chai. Atasimama, atasema, watacheka, basi.

Saa nne ilipofika, Mzee ndiye aliyesimama kabla yake. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, na daktari alishampangia siku ya kuyapasua.

"Kuanzia Jumatatu nitakuwa kwa binti yangu mwezi mzima," alisema. "Funguo za karakana nitamwachia Mkaguzi. Wapo mafundi wazuri kuliko yeye kwa randa, wapo wazuri kwa patasi. Lakini nimehesabu mistari ya mlango huu, yote arobaini na mmoja, na hakuna hata mmoja wa kwake."

Wakapiga makofi. Vanishi alipiga kwa kutumia mfuniko wa kopo. Umeme alipiga kuliko wote, na ule uso wake wa kujivunia dada ndio uliomfunga Mkaguzi mdomo. Akasema asante, akanywa chai ya moto kwa pupa ikamuunguza ulimi. Hata hilo hakulisema.

Mchana, wengine wakiwa nje wanapakia madawati ya kwanza, alijaribu kuifunga kofia kwa waya. Akawasha mashine kujaribu. Mtetemeko uliulegeza waya kufumba na kufumbua, kofia ikainama ikataka kubusu msumeno, akazima huku jasho linamtoka. Kofia mbovu ilikuwa hatari kuliko kutokuwa na kofia. Akairudisha kabatini. Jioni Umeme alinyanyua mikono yake mlangoni, "Kumi, dada!" na safari hii Mkaguzi alihesabu kweli, kimoja kimoja. Usiku ule usingizi haukumpata.

Jumatano asubuhi alipiga moyo konde, akamfuata Mzee kwenye chumba chake kidogo cha ofisi.

"Mzee, nina neno."

"Najua. La funguo." Mzee alitabasamu. "Unaogopa. Vizuri. Asiyeogopa funguo huzipoteza."

"Si hilo, Mzee. Kuna kitu nimekipo..."

Mlango ukagongwa, akaingia mwalimu wa ile shule kuulizia madawati, na mwalimu yule alikuwa na maneno ya kujaza ndoo. Mkaguzi alisubiri dakika tano. Kisha akajitoa taratibu, na naomba tusimfiche: alitoka akiwa amepata nafuu, kama mtoto aliyekuta daktari wa meno amesafiri.

Hakuwa amefika mbali. Palisikika kishindo, halafu kitu kikapasua hewa na kugonga bati la ukuta wa nyuma, halafu mashine ikazimwa. Ubao ulikuwa umenasa kwenye meno, ukaruka nyuma kama ulivyotaka, na mkono wa Umeme uliokuwa unausukuma ukakosa cha kusukuma, ukaenda mbele wenyewe.

Mkaguzi hakukumbuka alivyofika pale. Alimkuta mdogo wake amesimama wima, anautazama mkono wake wa kulia. Mkono wa shati ulikuwa umekatwa pembeni, safi kabisa, na kifungo hakipo. Ngozi ilikuwa nzima. Umeme alivinyoosha vidole, akavihesabu kwa sauti mpaka tano, akahamia mkono wa pili ambao haukuwa na tatizo lolote, akauhesabu nao.

"Kumi," alisema, midomo imekauka. "Ila kifungo kimekwenda."

Babu Viti alikaa juu ya rundo la mbao. Vanishi alimshika Umeme bega, akamtikisa, akamkumbatia, kisha akamsukuma.

"Mjinga we! Mtoto ana miezi minne! Haya, saa nne ileee. Chai, na mtu ana deni la mstari."

Wakakusanyika mbele ya mlango na vikombe vyao, Mzee naye akaja, akakaa kwenye kiti kisichopigwa vanishi. Umeme alisimama. Rangi ya uso ilikuwa imemrudia, na kicheko kidogo.

"Basi, ndugu watuhumiwa wenzangu," alianza. "Kwanza shati. Mke wangu alisema funga vifungo vya mikononi, nikamwambia hakuna shida. Akasema tena, nikamwambia tena hakuna shida."

"Hukusoma ulichoandika mwenyewe!" Vanishi alipiga kelele.

"Mimi ni mwandishi, kusoma ni kazi yenu. Pili, usingizi. Mtoto hakulala, na sisi hatukulala, ila yeye sasa hivi amelala. Tatu, nilikuwa nahesabu madawati badala ya kuangalia ubao. Nikiwa kwenye dawati la sitini na mbili, ubao ukasema kwaheri."

Walicheka. Babu Viti alicheka mpaka akapaliwa. Umeme akachukua brashi, akaichovya kwenye rangi nyeupe, akageukia mlango kutafuta nafasi. Alikuwa amemaliza kueleza. Hakutaja kofia. Kati ya yote aliyoyasema hakulitaja kabisa lile jambo kubwa, na Mkaguzi alipomtazama, Umeme alikwepesha macho.

Ndipo Mkaguzi akajua kwamba mdogo wake anajua.

"Iweke hiyo brashi chini," alisema.

"Dada, acha niandike tu tukafanye kazi."

"Umeme, weka brashi chini. Huo mstari si wako."

Alisimama. Akakiweka kikombe kwenye sinki. Akaeleza. Alianza na nati ukingoni mwa meza, akaja kwa wafuga kuku, akaja kwa kabati na kufuli. Alieleza maduka matano. Alieleza waya. Alieleza jinsi alivyosimama jana mbele ya mdogo wake akamwambia apunguze mwendo, kama vile meno ya chuma huwa mapole kwa anayekwenda taratibu, na jinsi alivyopigiwa makofi akakaa kimya. Alieleza mpaka ule unafuu alioupata ofisini.

"Nilijali jina langu kuliko vidole vyake," alimalizia. "Basi. Chekeni."

Hakuna aliyecheka. Alikuwa amejiandaa kwa kicheko siku mbili nzima, na sasa alikihitaji, na hakikuja. Babu Viti alikuwa anaangalia ndani ya kikombe chake kana kwamba kuna kitu kimezama. Vanishi alikuwa anakwangua rangi kwenye ukucha.

"Mbona kimya?" Mkaguzi aliuliza.

"Mimi niliona," Babu Viti alisema hatimaye. "Jana asubuhi. Nikasema labda siku hizi zinakwenda hivyo, kichwa wazi."

"Na mimi niliona," alisema Vanishi. "Nikamwambia Babu Viti."

"Nikamwambia, nenda kamuulize Mkaguzi."

"Nami nikamwambia, nenda wewe, umeshaishi vya kutosha."

Mzee alikohoa. Alivua kofia yake, akapangusa kipara. "Na mimi niliona. Kwa macho haya haya yanayokwenda kupasuliwa. Nilipita pale mara mbili. Nikajiambia, kama Mkaguzi ameitoa, ana sababu yake. Huyo hakosei."

Mkaguzi aliwatazama mmoja mmoja. Ukimtia na yeye mwenyewe na Umeme, watu watano, macho kumi, siku mbili. Kisha akamgeukia mdogo wake, na sauti yake ikawa ndogo.

"Na wewe? Wewe ndiye uliyekuwa unatia mikono pale. Kwa nini hukuniuliza?"

Umeme alijikuna kichogo. Alitamani kutania na alitamani kutotania, yote mawili yalionekana usoni.

"Dada, mara ya mwisho nilipokuuliza kama bolti imekazwa, ulinihubiria mpaka chai ikaganda utando. Ulinikumbusha na ada za shule." Alivuta pumzi. "Nilipoiona mashine haina kofia, niliogopa. Halafu nikapima. Msumeno na mahubiri yako. Nikachagua msumeno."

Hapo ndipo kicheko kilipowatoka. Kilianza kwa Vanishi, kikamshika Babu Viti, Mzee akainama akishika mbavu, na Umeme mwenyewe akacheka kwa sauti ya mtu aliyekuwa amebana pumzi tangu jana. Mkaguzi naye alicheka. Alicheka akashangaa mashavu yameloa, akavua miwani, na kwa mara ya kwanza hakuifuta ili amhubirie mtu. Ilimuuma. Ilimuuma mahali pa ndani sana, kwa sababu yote yalikuwa kweli. Miaka yote ile alipokuwa akiona watu wanapita kimya mbele ya mashine zake, alidhani wanamheshimu, kumbe walikuwa wanamkwepa, na ule ukimya ulikuwa nusura uchukue mkono wa mtoto aliyemlea.

"Funguo mpe mwingine, Mzee," alisema.

"Nani? Huyu wa stuli juu ya meza?"

"Nipo hapa, nasikia," alisema Vanishi.

"Funguo tutaziongelea," Mzee alisema, akasimama. "Kwanza nati. Nipe hiyo bolti, kuna mchonga vyuma nyuma ya soko, atatuchongea hata kama ni ya meli. Na mashine isiguswe. Madawati yatachelewa, mwalimu nitamwambia mimi, ana maneno lakini hana meno. Wewe andika."

Umeme alimpa dada yake brashi. Mkaguzi alisimama mbele ya mlango, karibu kabisa, karibu kuliko alivyowahi. Akaanza kuitoa kichwani ile mistari yake mizuri ya miaka kumi na moja. Ulikuwepo uliosema ujasiri wa kweli unaanza na spana. Ulikuwepo mwingine, mrefu, kuhusu mwoga na shujaa waliokwenda kununua glavu. Aliipitia yote, na yote ilinuka mahubiri. Nyuma yake watu walikuwa wakisubiri, maana walijua kwamba mtu huyu akiandika ataandika jambo zito.

Akaandika neno moja. "Niulizeni."

Babu Viti alisogeza kichwa, akasoma, akasubiri. "Ndiyo huo tu?"

"Ndiyo huo."

"Hiyo si busara, hilo ni ombi."

"Nyamaza, Babu," alisema Vanishi, na sauti yake haikuwa ya utani.

Mzee alirudi saa saba na nusu, nati ikiwa imefungwa kwenye karatasi, bado ina joto la mashine ya kuchongea. Mkaguzi alifungua kufuli la kabati mbele ya watu wote, akaitoa kofia, akaipachika juu ya msumeno, akapitisha bolti, akaizungushia nati kwa mkono kisha kwa spana. Akaigusa kwa kidole. Akapangusa mikono kwenye ovaroli, akarudi nyuma hatua mbili.

Umeme alikuwa ameshafika kwenye swichi. Alikuwa ameukunja mkono wa shati uliokatika mpaka juu ya kiwiko. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe cha kijani, na kwa kasi yake ya siku zote mashine ingekuwa imeshawaka. Akakiondoa kidole.

"Dada," alisema, kwa uangalifu, kama anayekanyaga sakafu mpya. "Imekazwa?"

Karakana nzima ikaacha kufanya ilichokuwa inafanya. Mkaguzi alihisi jibu linampanda kooni, refu, lenye miaka kumi na moja na ada za shule ndani yake. Hakulitoa. Aliinama, akaishika kofia kwa mikono miwili, akaisukuma kulia, akaisukuma kushoto kwa nguvu zake zote. Ikacheza. Kidogo sana, unene wa ukucha, lakini ikacheza.

"Bado," alisema. "Nipe spana."